Bi Gwen Hakula Mpaka Nilipokaa

Wenzangu mnaobaki kazini, siku mliyoniaga, keki ikiwa bado mezani, mliniomba niwaandikie kidogo kuhusu kazi yetu. Wanjiru ndiye aliyeshikilia: "Andika, Dada Saada. Usiende na hizo story zote Tanga." Basi nimekaa hapa Rashidiya, Dubai, kwa binamu yangu aliyenipa chumba mpaka safari yangu iive, ndege zinapita juu ya paa moja baada ya nyingine, na mimi naandika. Habari za vyeo msizitegemee. Anayetunza wazee majumbani huanza akiwa mtunzaji na humaliza akiwa mtunzaji, kinachobadilika ni mgongo wake. Nitawaeleza niliyoyaona, na makubwa kuliko yote niliyaona kwa bibi mmoja aliyetoka kwenye migodi ya makaa ya mawe. Mpaka leo nikimkumbuka mwili unanisisimka.

Lakini nianze mwanzo. Kazi nilifundishwa na Nakato, ambaye wengi wenu mnamjua. Yeye Mganda, alinitangulia kufika Dubai, na siku yangu ya kwanza kampuni ilinipeleka kwenye nyumba aliyokuwa akimhudumia bibi aliyevunjika nyonga. Alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni, akaishia miguuni.

"Hivyo viatu ni vya harusi," alisema. "Kesho uje na vya raba."

Kisha akanipa masomo yake, mengine nimeyatumia mpaka siku ya mwisho. Usimnyanyue mzee kwa makwapa hata siku moja, maana bega la mzee ni jepesi kuteguka na halirudi lilivyokuwa. Tumia mkanda, ule mpana wa turubai wenye vishikio, umfunge kiunoni, uinamishe magoti yako na si mgongo wako. Mwambie mgonjwa unachotaka kufanya kabla hujakifanya, hata kama unadhani hasikii. Maji ya anayepaliwa ovyo yawekewe ule unga wa kuyafanya mazito. Kijiko kiwe kidogo.

"Na la mwisho," akasema, "usikae. Mbele ya madam usikae, mbele ya mgonjwa usikae. Wakikwambia karibu kiti, sema asante, ubaki umesimama. Ukikaa leo, kesho utaambiwa mvivu."

Nikasimama. Nilisimama miaka na miaka, wenzangu, mpaka nyayo zikawa na akili zao. Nililisha watu nikiwa nimesimama, nikasoma Kurani kwa mzee wa watu nikiwa nimesimama, nikasikiliza ugomvi wa mirathi nikiwa nimesimama pembeni ya pazia kana kwamba na mimi ni pazia. Palikuwa na mzee mmoja wa Kiarabu aliyeamini mimi ni dada yake aliyefariki, akawa ananigombeza kwa makosa ya dada huyo ya utotoni. Nikawa naomba radhi. Palikuwa na madam aliyetaka mama yake, ambaye hakuweza kutembea, avishwe viatu vya visigino virefu kila Ijumaa wageni wakija. Tukavivisha. Miguu haikugusa sakafu, kwa hiyo hakuna aliyeumia.

Kisha nikapelekwa mtaa wa Silicon Oasis, kwa Bi Gwen.

Mwanawe, Owen, alikuwa mhandisi, mtu mpole mwenye macho ya mtu asiyelala vizuri. Alimleta mama yake kutoka kwao baada ya kiharusi kumpiga upande wa kulia, kwa kuwa kule alikuwa akiishi peke yake. Nilipofika alinisubiri mlangoni, hata mkoba sijatua.

"Hali," aliniambia. "Wawili wamekuja kabla yako wakashindwa. Daktari amesema uzito ukizidi kushuka atamwekea mpira wa kulishia puani. Mama amesema mpira huo hautaingia yeye akiwa hai. Ukiweza kumlisha, Saada, utakuwa umetuokoa."

Nikaingia. Niliona bibi mdogo wa umbo, nywele nyeupe zimekatwa fupi, amekaa kwenye kiti cha magurudumu mbele ya meza ya kioo. Nikamsalimu, "Good morning, madam."

"Usiniite madam," alisema, maneno yakitoka polepole kwa sababu ya kiharusi. "Madam ni mke wa meneja wa mgodi. Mimi Gwen."

Sikuweza kumwita Gwen kavukavu, malezi yangu hayaruhusu. Tukaafikiana Bi Gwen, nami nikamweleza maana yake, akaipenda. Nikajipendekeza kwa kusema nimewahi kuhudumia Waingereza kabla yake. Akanitolea macho. "Mimi si Mwingereza. Mimi natoka Wales." Kwa hiyo katika dakika chache za mwanzo nilikuwa nimeshakosea mara mbili, na bado sijafungua mkanda wangu.

Nilipomfunga mkanda ili nimhamishie kwenye kiti cha mezani, nikagusa bega la kushoto. Akakunja uso. Nikashangaa, maana kiharusi kilipiga kulia. Nikamuuliza kama aliwahi kuanguka.

"Hapana," alisema. "Polisi."

Nikajua kiharusi kimegusa na akili. Nikasema, "Pole, Bi Gwen," kwa sauti ile tunayoitumia.

Chakula cha mchana nilimletea viazi vilivyopondwa na samaki. Nikasimama upande wake mzima kama nilivyofundishwa, kijiko kidogo mkononi. Akafunga mdomo. Nikabembeleza. Akasema, "Kaa." Nikasema, "Asante, niko sawa." Akafunga mdomo tena. Ikawa hivyo jioni, ikawa hivyo kesho yake. Nilibadilisha chakula, nikabadilisha kijiko, nikasimama kulia, nikasimama kushoto. Nilimpigia simu Nakato, ambaye siku hizo alikuwa akimtunza mzee mmoja katika jengo linalotazamana na letu. Akasema, "Wengine wameshaamua kufa, nyabo. Usijilaumu." Lakini huyu hakuwa na sura ya kutaka kufa. Alikuwa na sura ya mtu anayesubiri jambo.

Siku iliyofuata aliisukuma sahani kwa mkono wake mzima mpaka upande wa pili wa meza, mbele ya kiti kitupu.

"Umeleta chakula chako?" aliniuliza.

Nilikuwa nacho jikoni, wali na maharage kwenye kibakuli.

"Kilete. Kaa."

Nikautazama mlango. Owen alikuwa kazini. Nikakileta, nikakaa ukingoni mwa kiti, nusu ya makalio hewani, tayari kuruka. Akaningoja. Nikaweka tonge la kwanza mdomoni mwangu, na ndipo yeye akafungua mdomo wake. Alikula, wenzangu. Alikula viazi vyote, kisha akanyoosha shingo kuangalia maharage yangu, nikampondea kidogo, akala na hayo. Kijiko kiligonga sahani tupu na machozi yakanitoka nikiwa nimekaa kwenye kiti cha watu.

Owen aliporudi alitukuta mezani. Niliruka kama niliyekalia kaa la moto. Bi Gwen akasema neno moja tu, "Kaa," na mwanawe akatazama sahani tupu, akamtazama mama yake, akajishika kichwa. "Lile jiko," alisema. "Mungu wangu, nilikuwa mtoto, nilisahau lile jiko." Tangu siku hiyo nilikula mezani, na mpira wa puani haukutajwa tena.

Habari za jiko nilizipata kidogo kidogo, Bi Gwen akiwa na chakula mdomoni, jambo ambalo kwa mgonjwa wa kiharusi ni kosa, nami nilimwambia, naye hakusikia. Kwao ni bonde lenye mgodi mmoja, na kila nyumba ilikula kutokana na mgodi huo. Katika miaka ya themanini serikali ikataka kufunga migodi. Wachimbaji wakagoma, na mgomo ukaenda karibu mwaka mzima. Wanaume walijua kugoma. Lililokuwa jipya ni wake zao. Walichukua ukumbi ambao wachimbaji wa zamani waliujenga kwa michango yao, wakaweka masufuria, wakaanza kulisha bonde zima.

Mwanzoni watu walipanga foleni wakiwa na sahani mkononi. Siku hizohizo mzee mmoja mchimbaji, mtu wa kujiheshimu, alifika mbele ya foleni, akamwona jirani yake ameshika upawa, akageuka akaenda zake bila kula. Wanawake wakaliona. Kesho yake wakafuta foleni. Watu wakae mezani, chakula kiwafuate walipo, na anayekipeleka akimaliza zamu yake akae nao ale chakula kilekile. Asiwepo mtu wa kula huku mwingine amemsimamia. "Anayekula akiwa amesimamiwa anakula kama mfungwa," Bi Gwen alisema. Yule mzee alirudi.

Nilimuuliza kuhusu polisi. Akaniambia malori yalikuwa yakipita bondeni yakibeba makaa ya kuvunja mgomo, na asubuhi moja wanawake walikwenda wakakaa barabarani, wameshikana mikono, wakiimba nyimbo za kanisani. Walikuwa wake za watu, wengine wamevaa aproni. Malori yakasimama. Polisi wakaja, wakawanyanyua mmoja mmoja.

"Walikushika wapi?" nikauliza, ingawa nilishajua.

"Makwapani."

"Na bega likachomoka."

"Likachomoka. Nikamwambia yule kijana, mama yako anajua uko hapa?"

Nikasema wangekuwa na mkanda kama wangu yasingetokea. Alicheka mpaka akapaliwa, nikamwinamisha. Kisha nikakaa namtazama. Nilikuwa nalitunza bega hilo kila siku, nalipaka dawa, nikidhani ni uzee. Kumbe lilisimamisha malori. Mimi katika maisha yangu yote sikuwa nimesimamisha hata teksi bila kuomba radhi.

Jambo jingine alilonifundisha ni la kusema. Mwanzoni, alisema, katika mikutano ya mijini wanawake walikalishwa nyuma jukwaani, na mama mmoja msomi kutoka mjini akawa anasimama kuwazungumzia. Alisema vizuri, hakuwa mbaya. Wao wakakaa nyuma yake kama masufuria yaliyooshwa. Wakarudi jikoni, wakaamua kwamba kuanzia hapo watakwenda wenyewe, wawili wawili. Mmoja ni msemaji, mmoja ni msikilizaji. Msikilizaji hasemi kitu, lakini akirudi ndiye anayeulizwa, umesikia nini? Na safari inayofuata msikilizaji ndiye msemaji, hana pa kukimbilia, naye huchukua msikilizaji mpya. Kwa njia hiyo wanawake ambao hata kanisani hawakuwahi kusoma tangazo walizungumza mbele ya kumbi zilizojaa.

"Na wewe?"

Alikuwa msikilizaji, kisha zamu ikafika. Ukumbi wa makuli bandarini, wanaume watupu. Alishika mgongo wa kiti, akasema, "Nimemwachia mume wangu viazi amenye, kwa hiyo sina muda wa kupoteza." Ukumbi ukaangua kicheko, kisha ukatulia ukamsikiliza mpaka mwisho. Mumewe kweli alimenya viazi siku hiyo, mara ya kwanza katika ndoa yao, na vilivyobaki vilikuwa vidogo kama kokoto.

Nikamuuliza kama walishinda. Nilitaka sana aseme ndiyo.

"Tulishindwa," alisema. "Wanaume walirudi kazini mikono mitupu, na mgodi ukafungwa. Lakini niliingia kwenye mgomo nikiwa mke wa fulani, nikatoka nikiwa Gwen. Hilo hawakuweza kulifunga." Baadaye alisoma masomo ya jioni, akachaguliwa kwenye halmashauri yao, akapigania kliniki ya bondeni isihamishwe. Haya aliyataja kana kwamba anataja alichonunua sokoni. Mimi usiku wake sikuacha kumfikiria.

Sasa nifike kwenye mabenchi, ambayo mnayakalia na wengine hamjui yalikotoka.

Jioni jua likipoa tulikuwa tukiwashusha wazee kwenye bustani iliyo kati ya majengo, nasi tukikaa kwenye mabenchi chini ya turubai la kivuli. Akaja meneja mpya wa majengo, akaweka kibao. Mabenchi ni ya wakazi tu. Wahudumu wasimame. Wengi wetu tulisimama, tulikuwa tumezoea. Nakato hakuweza. Magoti yake yalikuwa yamekwisha kwa kunyanyua watu, na jioni moja madam wake alimwona kutoka roshani akiegemea kiti cha mzee. Akamwambia kama hawezi kusimama atatafutwa mwingine mwenye nguvu. Mnajua maana yake. Kampuni ingemfutia viza, na Nakato alikuwa hajawa tayari kurudi kwao.

Aliniambia haya akiwa amesimama nyuma ya mzee wake, mikono kwenye vishikio vya kiti chake. Mwanamke aliyenifundisha kusimama. Nilitaka kulia.

Wanjiru, aliyekuwa akimtunza mama wa ghorofa ya tano, alimgeukia Bi Gwen. "Bibi, si uongee na huyo manager? Wewe ni resident, tena mzungu. Ukisema mara moja tu hiyo sign inatoka, aki."

"Nikisema mimi, atanisikia mimi," Bi Gwen alisema. "Nikifa mtabaki na nini?"

Nikamwambia ukweli wangu. Nilimwambia naogopa. Hapa si kwao, mambo ya kukaa barabarani hapa hayapo, na mtu kama mimi neno likichukuliwa vibaya anajikuta uwanja wa ndege na begi moja. Alinishika mkono. "Najua, na sitakwambia ukae barabarani. Nenda ofisini ukaombe kwa adabu. Ila uombe kwa mdomo wako."

Wanjiru hakuogopa kitu, kwa hiyo alikuwa msemaji wa kwanza, mimi msikilizaji. Meneja hakuinua macho kwenye simu yake. Wanjiru alisema haraka haraka, akamaliza, meneja akasema, "Khalas, sista, imetosha. Wakazi wamelalamika. Mkikaa mnapiga soga, hamwangalii wagonjwa. Yalla, kazini." Tukatoka. Wanjiru alikuwa anafoka njia nzima.

Bi Gwen hakumuuliza Wanjiru. Aliniuliza mimi, "Umesikia nini?"

Nikafikiri. "Sikusikia akisema hapana," nikasema. "Nilisikia kwamba wanadhani tukikaa hatuwaoni wagonjwa."

"Basi sasa unajua la kujibu," alisema. "Zamu yako."

Nilimchukua Nakato awe msikilizaji. Alikubali kwa sababu msikilizaji hasemi. Bi Gwen akadai na yeye asukumwe. Nikafurahi moyoni, nikijua akifika pale hataweza kujizuia, atasema yeye.

Tulipoingia, meneja aliinuka mara moja. "Yes, madam! Nikusaidie nini?" Alimsemesha Bi Gwen. Bi Gwen hakufungua mdomo. Aliinua mkono wake mzima akaninyooshea kidole mimi. Meneja akarudia swali. Kidole hakikushuka. Mkono ule ulikuwa wa bega lile la polisi, na nilijua unavyomuuma, maana mimi ndiye niliyekuwa nikiupaka dawa. Nikaona unaanza kutetemeka. Nikajua nisiposema atakaa hivyo mpaka aanguke.

Mbele ya meza palikuwa na kiti. Sikukaribishwa. Nikapiga moyo konde, nikakaa.

"Sir," nikasema, na sauti iliyotoka sikuijua, "mimi ndiye ninayemtunza Bi Gwen. Nikisimama nyuma yake naona kisogo. Nikikaa mbele yake naona uso. Akipaliwa, nitajua nikiwa nimekaa. Wenzangu pia ni hivyo. Na huyu hapa ni Nakato, amebeba wazee wa Dubai mpaka magoti yamekwisha. Hatuombi kupumzika kazi. Tunaomba kukaa tufanye kazi."

Meneja alinitazama mimi. Hilo tu lilikuwa jipya. Akajikuna shingo, akasema si yeye anayeamua, atawauliza wenye majengo. "Bukra, inshallah," akasema. Bi Gwen akashusha mkono.

Bukra yake, yaani hiyo kesho, ilichukua muda. Siku moja walinzi wakalihamisha benchi moja, wakaliweka nyuma, karibu na chumba cha taka, ukutani penye kivuli. Hilo ndilo likawa la wahudumu. Kibao cha mbele kikabaki. Wanjiru alikasirika, akasema heri kusimama. Mimi nilimtazama Bi Gwen nikidhani naye atakasirika.

"Sisi tulipata pungufu ya hapo," alisema. "Kaeni. Halafu mkaombe tena." Kisha akaniambia nimsukume huko nyuma. Tukaiacha bustani na maua yake, tukaenda kukaa ukutani na harufu ya taka. Kesho yake mzee wa Nakato akataka aende alipo Bi Gwen, kwa kuwa alipenda kubishana naye kuhusu mpira wa miguu. Yule mama wa ghorofa ya tano akafuata. Baada ya muda si mrefu wazee wote walikuwa nyuma na bustani ya mbele ina paka tu. Nakato alikaa, magoti yake yakatulia, na madam wake hakumwona tena akiegemea kitu.

Lakini zamu ilikuwa yake sasa, ya kwenda kuomba mabenchi ya mbele, na Nakato hakutaka kusikia. "Mimi umri huu wote sijasema, nianze leo?" Kila mara alipata sababu. Bi Gwen hakumsukuma. Ila alipoanza kudhoofika, kiharusi cha pili kilipomlaza kitandani, kila asubuhi nikimgeuza alikuwa akiniuliza kwa sauti iliyobaki, "Nakato amesema?"

"Bado, Bi Gwen."

"Zamu ni zamu," alisema. Na mpaka alipofumba macho jibu langu lilikuwa hilohilo, bado. Liliniuma sana. Kuoshwa kwake nilisaidia mwenyewe, na bega lile nilimalizia, nikalishika taratibu kuliko yote.

Kabla mwili haujasafirishwa kwenda kwao, Owen aliwaita watu sebuleni kumuaga. Majirani walikuja, wahudumu tulikuja, hata meneja alikuja amevaa tai. Owen alisimamisha simu juu ya meza ya kioo, na ndani ya simu kulikuwa na mabibi wachache wenye nywele nyeupe, wamekaa pamoja kwenye ukumbi. Ndio waliobaki wa lile jiko. Niliwatazama, nikahisi inafaa niwasalimu kwa mikono miwili. Walikuwa wafupi, wamevaa sweta, mmoja ana kifaa cha masikio. Hao ndio waliokaa mbele ya malori.

Watu wakasema maneno mazuri. Kisha Owen akanigeukia mimi. Nikatikisa kichwa.

"Si zamu yangu, sir," nikasema.

Nikamtazama Nakato. Alikuwa mlangoni, amesimama, alivyosimama maisha yake yote katika nyumba za watu. Chumba kizima kikamgeukia. Nilidhani atatoka. Akaja polepole mpaka mezani, akavuta kile kiti changu kilichotazamana na mahali pa Bi Gwen, akakaa. Alipokaa magoti yalilia, tukayasikia.

"Mimi naitwa Nakato," alisema kwa Kiingereza chake. "Nilimfundisha Saada kusimama. Huyu mama alimfundisha kukaa. Naona yeye alikuwa mwalimu bora kuliko mimi." Halafu akamgeukia meneja, pale pale msibani. "Na wewe, sir. Lile benchi la nyuma ni zuri, tunashukuru. Sasa tunaomba na yale ya mbele. Wazee wetu wanapenda maua."

Kisha kwenye simu ikasikika ngurumo, nikadhani imeharibika. Kumbe ni wale mabibi, wanapiga meza yao kwa viganja, wote kwa pamoja. Owen alikuwa analia na kucheka. Meneja akalegeza tai, akasema kwa sauti ndogo, "Tayeb, sawa. Kibao nitakiondoa." Nakato akatazama mikono yake kana kwamba maneno yametokea huko.

Meza ilipotulia, yule bibi mwenye kifaa cha masikio alisogeza uso wake karibu na simu mpaka tukaona paji la uso tu.

"Amesema vizuri," aliuliza, "lakini msikilizaji wake ni nani?"

Nakato hakuwa amemchukua mtu. Nikainua mkono, zamu ya kusema ikawa yangu, na ndiyo maana mliponiomba niwaandikie sikuweza kukataa.